Rangi ya Nyumba ya Mama

Watu wa mtaa ule walimfungulia milango kwa sababu alikuwa mkunga wao, na Mkunga ndilo jina walilomwita. Watoto wengi waliokuwa wakikimbizana uchochoroni aliwapokea yeye. Ndiyo maana mdogo wake, aliyezoeleka kwa jina la Kitinda, alipopewa na halmashauri kazi ya kuchora ramani ya mafuriko, alikimbilia kwake kwanza.

"Dada, nikienda peke yangu watanifungia. Tukijua maji yanafika wapi, halmashauri itajua ichimbe mifereji wapi. Na takwimu zote zitawekwa wazi mtandaoni, kila mtu azione."

Wakazunguka nyumba kwa nyumba, Mkunga akibembeleza, Kitinda akibonyeza simu. Fundi cherehani, mjane aliyeishi ukuta mmoja na mama yao, alisita mlangoni.

"Mambo haya ya simu hayatanitokea puani kweli?"

"Mimi nipo," Mkunga akamwambia.

Fundi akawaonyesha alama ya tope ukutani, juu kidogo ya cherehani yake.

Mvua zilipokwisha, tangazo likabandikwa. Nyumba zote zenye nukta nyekundu kwenye ramani, zile ambazo maji yalipita usawa wa goti, zitabomolewa. Wasio na hati za viwanja wataondoka mikono mitupu. Mifereji haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Mkunga aliifungua ramani kwenye simu yake akiwa zahanati. Mtaa mzima ulikuwa mwekundu. Nyumba ya fundi, nyekundu. Nyumba ya mama, kijani. Akaigusa ile nukta, yakatokea maneno: *Maji hayakufika.* Alicheka kidogo, akidhani ni makosa ya kidole, akaenda ofisini kwa mdogo wake.

"Nukta ya mama umeikosea."

Kitinda aliinuka akafunga mlango. "Sijakosea."

"Unasema?"

"Tangu mwanzo walitaka kujua nyumba za kuondoa. Ningekwambia, ungetembea na mimi?"

"Na mifereji?"

"Mifereji nilikuwa naitaka mimi. Nilidhani wakiona nyumba zilivyo nyingi wataona haya, wachimbe. Hawakuona. Basi nikamuokoa mama. Na wewe pia, si unalala pale?"

Mkunga akaufungua mlango. Akatoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta mama yao anakunja nguo. Akamweleza yote.

"Mbona maji yalifika dirishani," mama akasema. "Nilisimama juu ya meza mpaka fundi akaja kunibeba mgongoni."

"Tukisema hivyo, mama, nyumba inakwenda."

Mama alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Nitamsalimiaje yule mwanamke kila asubuhi? Andika."

Tovuti ya ramani iliruhusu mkazi yeyote kurekebisha takwimu. Mkunga alimpiga mama picha kando ya alama ya tope dirishani, akaituma. Wiki iliyofuata nukta ikawa nyekundu. Kitinda akapiga simu akilia.

"Umemtoa mama nje kwa mkono wako! Na huku kazini wananihoji!"

"Mlango kwa mlango ulinitanguliza, Kitinda. Walionifungulia wote wanavunjiwa." Akakata simu.

Alitumaini majirani wangeelewa. Hawakuelewa. Mke wa mwashi aliposhikwa na uchungu, walimpitisha mbele ya mlango wa Mkunga wakampeleka hospitali ya mbali. Waliokuwa wakimwita "mama yetu" sasa walijifanya wanatafuta kitu mikobani.

Siku ya kuezua mabati kabla ya nyumba kubomolewa, Mkunga alikwenda kwa fundi cherehani bila kualikwa, akashika ngazi. Fundi alimtazama, akapanda. Akateremsha bati moja moja, Mkunga akapokea na kupanga ukutani. Bati la mwisho lilipofika chini, fundi alishuka, akajifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akawaita wanawe.

"Cherehani," akasema bila kumtazama Mkunga, "tutabeba wenyewe."