Alama Arobaini za Nyiragongo

Nadège alijifunza kuhesabu kwenye fimbo. Kabla hajajua shule ni nini, baba yake Ambroise alikuwa akimpakata jioni, anashika kidole gumba cha mtoto na kukipitisha juu ya alama zilizochongwa kwenye mti, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye kishikio hadi karibu na ncha. Alama moja ilikuwa safari moja ya kupeleka wageni juu ya Nyiragongo, mlima wa moto unaouangalia mji wa Goma.

"Hii, mvua ya mawe," baba alisema. "Hii, mama mumoja mugeni alilia, akasema ni uzuri tu njo unamuliza. Hii, ukungu tupu, hatukuona hata magulu yetu."

Mara nyingi usingizi ulimchukua kabla ya alama ya kumi na tano, na zilizobaki akaziota: watu wakitembea juu ya mawingu na vibegi mgongoni, na mbele yao mwanga mwekundu ukipumua taratibu kama mtoto aliyelala.

Sasa Nadège alikuwa na binti yake mwenyewe, Gabriella wa miezi kumi, na nyumba ya matofali mabichi pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Asubuhi alishona mifuko ya kitenge, jioni alienda masomo ya Kiingereza. Baba yake, macho yameingia ukungu wake mwenyewe, alikaa mlangoni. Beji yake ya upagazi, makaratasi, picha aliyopigwa na wageni, vyote viliungua kwao Fizi pamoja na nyumba, wakati wa vita. Ilibaki fimbo.

Ndipo akatokea Mai Amanda. Alikuwa mama wa Kimalawi aliyekuja kambini kununua mifuko, akaiona fimbo kwenye kona, akasahau mifuko. Kwa miaka mingi alikuwa akipokea wageni chini ya mlima Mulanje, na sasa, nyumbani kwake mjini, mtaa wa Area 47, alikuwa akitengeneza chumba cha vitu vya zamani vya watu wa milimani. Alisema: leteni fimbo Ijumaa, nayo itakaa ukutani, na chini yake kadi yenye jina la mwenyewe. Ila iwe kitu cha kweli. Mwezi uliopita mtu alimuuzia fimbo ya "miaka themanini" iliyokaushwa juu ya moshi wa jikoni, na utomvu ulikuwa bado unatoka.

Usiku ule Ambroise hakula sana. "Mi nitakufia hapa, kama Mungu amependa," alimwambia binti yake. "Lakini iandikwe pahali kama nilipanda."

"Itaandikwa, papa," Nadège alisema. Aliahidi kama mtu anayeahidi kikombe cha maji.

Alhamisi aliiangalia vizuri ile fimbo. Ilikuwa nyeusi kwa jasho na moshi, panya wameitafuna nchani. Na kwao kitu hakipelekwi kwa mtu wa heshima kikiwa kichafu. Hata kuku wa zawadi huoshwa miguu. Akaipeleka kwa Lukman, fundi wa viti.

"Uisafishe tu, ndugu. Inaenda kwa mutu mukubwa."

"We niachie, mama Gabriella. Itang'aa sawa meno ya bibi harusi."

Alipoirudia kesho yake alfajiri, Lukman alikuwa ameshaifunga ndani ya kitenge na kuikaza kamba. "Usifungue mpaka ufike," alisema, "rangi ya vernis ingali mubichi, vumbi itaishika." Mtoto alikuwa analia, kabaza, waendesha baiskeli za kukodi, wanangoja. Nadège akaichukua hivyo hivyo.

Walipanda baiskeli mbili hadi barabara kuu, kisha minibasi. Karibu na maghala ya Kanengo harufu ya tumbaku iliingia madirishani, nzito na tamu, na Ambroise, aliyekuwa anasinzia na fimbo magotini, akainua pua.

"Tumefika juu?" aliuliza.

"Bado, papa. Hii ni Kanengo."

"Ah." Akatabasamu, akarudi alikokuwa.

Chumba cha Mai Amanda kilikuwa na baridi nzuri. Nadège alisimama katikati, Gabriella mgongoni, akazungusha macho. Kulikuwa na visanduku vya mwerezi wa Mulanje vyenye kunukia kama kanisa jipya. Kulikuwa na kadi za posta za milima iliyopakwa rangi kwa mkono, samawati mno kuwa kweli. Birika la bati la kibanda cha mlimani. Viatu vyenye misumari. Vibeji vidogo vya kubandika kofiani. Na daftari nene ambalo wageni wa miaka na miaka walitia sahihi baada ya kufika kileleni. Aliwaza watu wote wale, kila mmoja akibeba kipande kidogo cha mlima kwenda nacho kwao, na milima isipungue.

"Zikomo, Agogo, karibuni," Mai Amanda alisema, akimshukuru babu kwa lugha ya kwao, akamkalisha kwenye kiti laini. Mengine aliongea kwa Kiingereza, na Nadège akawa mdomo wa wote wawili.

Wakafungua kitenge.

Harufu ya vanishi ilitoka kwanza. Kisha fimbo, ya rangi ya asali, inang'aa, laini tangu juu hadi chini. Nadège aliigeuza. Akaigeuza tena. Lukman alikuwa amejaza kila alama kwa gundi na unga wa mbao, akapiga msasa, akapaka mara tatu. Alikuwa amefanya kazi safi kabisa.

Mai Amanda hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ni nzuri," alisema polepole. "Lakini za namna hii ninazo sita, zinauzwa pale Likhubula kwenye njia ya kupanda Mulanje. Ile niliyoiona iko wapi?"

"Ni hii hii, Mai."

Ambroise alinyoosha mikono akapewa. Kidole chake gumba kilianza safari kutoka kwenye kishikio, kikashuka, kikasimama, kikarudi juu kutafuta.

"Nadège. Hii iko fimbo ya nani?"

"Yako, papa. Niliipeleka kwa Lukman asafishe. Sikujua atafunika." Alichuchumaa mbele ya kiti chake. "Mi njo nimeharibu."

Mzee aliipapasa mara moja tena. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na Nadège alidhani analia, kumbe anacheka. "Umeivalisha kostime," alisema. "Inaenda kuoa wapi?"

Mai Amanda aliuliza anacheka nini, akaelezwa, akacheka kidogo naye. Kisha akafungua droo na kutoa kisu kidogo. "Mwambie Agogo, kama anakumbuka mahali pa kila alama, akate upya. Mkono unaojua njia nitautambua."

Nadège alishusha pumzi. Mlango ulikuwa umefunguka tena. Alitafsiri haraka, akamwekea baba kisu mkononi.

Ambroise alikipima uzito. Aliweka ncha chini ya kishikio, mahali hasa pa mvua ya mawe, Nadège aliweza kuapa. Ncha ikakaa pale. Halafu akakitoa.

"Hapana."

"Papa, ukate tu. Si njo zilezile?"

"Mama," alisema, jinsi baba anavyomwita binti anapotaka asikilize, "hii alama haikatwe mutu akiwa anaikala ku kiti. Unashuka kwanza. Unahesabu batu yote, wageni na babebaji. Ukiona bako kamili, magulu ingali inatetemeka, njo unakata. Leo nimeshusha nani?"

Mai Amanda alingoja. Nadège alijua maneno mengine ya kusema: macho yake hayaoni, mkono umechoka. Kiingereza chake kilitosha kwa uongo mdogo kama huo. Lakini alipofungua mdomo yalitoka yale ya baba yake, jinsi yalivyo, hata miguu inayotetemeka.

Mwanamke yule alichukua kisu, akakirudisha kwenye droo. "Kwa hiyo alipanda mara arobaini," alisema. "Alama nilizihesabu siku ile kambini."

Nadège angeweza kujibu mwenyewe. Arobaini aliijua kabla ya kujua jina la nchi yake. Akauliza kwa adabu tu.

"Arobaini na moja," Ambroise alisema.

"Arobaini, papa."

"Ya mwisho sikukata. Tulikuwa na Bigirimana, tulibeba hema moja miaka tatu. Mugeni alisahau kofia kule juu, Bigirimana akarudia kuichukua. Ukungu ikafunga. Tuliita mpaka sauti ikaisha." Alipapasa fimbo, laini, haina pa kushika. "Sikuhesabu kamili. Njo nikaacha kupanda."

Maisha yake yote Nadège alidhani ni vita vilivyomshusha baba yake mlimani. Alitafsiri akiangalia sakafu, sentensi moja moja, na Gabriella akaacha kuchezea shanga za shingo ya mama yake kana kwamba naye anasikiliza. Alipomaliza, Mai Amanda alikuwa tayari ameshachukua fimbo na kuilaza juu ya misumari miwili ukutani, peke yake, mbali na zile sita. Akaweka mezani kadi nyeupe na kalamu.

"Andika wewe, kwa lugha yenu," alisema. "Kiingereza nitakiweka chini."

Nadège aliandika kwa mwandiko wake wa masomo ya jioni, herufi kubwa, zimesimama wima. Baba alisogeza sikio kana kwamba kalamu inaongea.

"Umeandika nini?"

"Ambroise wa Fizi. Mbebaji na kiongozi. Nyiragongo, mara arobaini na moja. Alama zake ziko chini ya vanishi."

Mzee alirudia jina lake kimyakimya, midomo tu. Kisha akasema, "Na Bigirimana?"

"Papa, kadi imejaa."

"Basi andika kadogo. Hakuwa mutu munene."

Nadège aliigeuza kadi ubavu, akatafuta ukingo mweupe uliobaki, akaanza na B.