Jina Pekee la Akina Furman

Katika Chama cha Watu wa Zamkovitz, kila familia ina wafu wake, na tusifichane, wafu hao ndio cheo cha mtu. Akina Kushner wana majina arobaini na mawili. Wakianza kuyasoma, chai inapoa. Akina Blushtein wana thelathini na moja, nao husoma polepole wasije wakaonekana wachache. Tsila Furman alikuwa na jina moja tu.

Kila mwaka, siku ile ya mwisho wa kiangazi ambayo Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wa mji wa Zamkovitz sokoni na kuwamaliza, watoto na wajukuu wa wale wachache waliopona hukutana saa kumi na moja jioni, kwenye ukumbi ulio chini ya duka la magodoro pale mjini Holon. Familia huitwa moja moja. Tsila alikuwa akipanda jukwaani, anavaa miwani ambayo haikuhitajika kwa maneno machache kiasi hicho, anasema, "Perl Furman. Miaka saba." Kisha anawasha mshumaa wake na kurudi kwenye kiti cha pembeni.

"Wewe una raha," Mendi Kushner, katibu wa chama, alizoea kumtania. "Unamaliza kabla sijapata kitambaa cha pua."

Huo ulikuwa utani wao, watu waliolelewa katika nyumba zenye kimya. Mgeni angeusikia angekimbia.

Tsila alikuwa na miaka sitini na miwili. Alistaafu kazi ya kutengeneza meno ya bandia, hakuolewa, hakuwa na ndugu. Mama yake alikufa mapema. Aliyebaki alikuwa baba, Zelig, na baba alikuwa mtu wa sentensi moja. Yeye na mdogo wake Perl walikuwa yatima waliolelewa na bibi yao. Bibi akafa kitandani mwake majira ya baridi ya kwanza ya vita, na Zelig alikataa katakata bibi asomwe, kwa kuwa orodha ni ya waliouawa. Walibaki watoto wawili. Siku ile ya sokoni Zelig alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alisukumwa ndani ya lori, akaruka njiani, akaishi. Kila mwaka akitoka ukumbini alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua viatu, akasema, "Nilimwachia mkono." Basi. Mpaka mwaka unaofuata.

Kwa hiyo Tsila alikulia nyumba moja na shangazi wa miaka saba. Alipokaribia kutimiza miaka minane aliugua homa kwa hofu, maana aliona anamwacha shangazi nyuma. Baba alipokufa, miaka saba iliyopita, alimwachia nyumba ya vyumba viwili na jina lile. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwake. Jina lilimtosha.

Sasa mwaka huo Mendi aliamua kuchapa upya kitabu cha majina, kwa mara ya mwisho, kipelekwe kwenye nyaraka za taifa kabla wenyewe hawajaisha. Alitangaza gazetini kwamba mwenye masahihisho alete. Siku moja mchana akampigia Tsila simu.

"Tsila, kaa kitako."

"Nimekaa."

"Muongo. Nasikia bomba."

Tsila akafunga bomba, akakaa.

"Nimepata fomu kutoka Kiryat Ata. Kuna mwanamke anataka tumwongeze mtu kwenye orodha."

"Mwongeze. Kwani karatasi zimeisha?"

"Anataka kumwongeza baba yako."

Tsila alidhani ni utani mwingine, akangoja acheke. Mendi hakucheka.

"Baba alikufa hospitali, kwa moyo," Tsila alisema. "Wewe mwenyewe ulimbeba."

"Nilimbeba, mgongo wangu shahidi. Hebu sikiliza alivyoandika. 'Zelig Furman, miaka kumi na mmoja, aliuawa siku ya sokoni.' Halafu hapa chini, aliyeleta taarifa: 'Kwa niaba ya marehemu mama yangu, Perl, dada yake.'"

Dunia ina visa, lakini kisa hiki kilikuwa na meno. Perl hakuuawa. Alifichwa na mwanamke wa Kipolandi aliyeuza mayai sokoni, akapewa jina jingine. Baada ya vita akachukuliwa na nyumba ya mayatima, akaletwa kwa meli hapa nchi ya Wayahudi, akapewa jina la tatu, akaolewa Kiryat Ata na kuitwa Halfon. Saa moja na nusu kwa treni kutoka Holon. Alimwona kaka yake akisukumwa ndani ya lori, na aliyepandishwa kwenye malori yale hakurudi, kwa hiyo hakumtafuta. Na Zelig, kila ofisi ilipomuuliza kama ana jamaa wa kutafutwa, alijibu hana. Mtu hamtafuti aliyeamini kwamba amemuua mwenyewe. Miaka sitini na kitu kaka alimwomboleza dada na dada akamwomboleza kaka, nchi moja, jua moja. Perl alikufa majira ya baridi yaliyopita, na miaka saba mizima Tsila alikuwa akipanda jukwaani kumsoma miongoni mwa wafu, shangazi yuko hai, anakunywa chai yake.

"Kwa hiyo... niseme hongera?" Mendi aliuliza. "Umefufuliwa shangazi."

"Ameshakufa, Mendi."

"Ndiyo. Lakini hakuuawa. Jina litatoka, Tsila. Tukiacha jina moja tu la uongo, kuna watu huko duniani wanalingojea hilohilo, waseme na mengine yote ni uongo."

"Na mimi nisome nini?"

Zikasikika karatasi zikipinduliwa upande wa Mendi. "Nitakugawia wangu watatu," alisema mwishowe. "Wapo wengi, hawataona wivu."

"Siazimi wafu wa watu," Tsila akajibu, akakata simu.

Hakulala vizuri wiki ile, na alijionea aibu. Mtu mzima, mwenye akili zake, anaambiwa mtoto hakuuawa, naye anahisi ameporwa! Wenzetu husema yaliyopita si ndwele. Kwa watu wa Zamkovitz yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na pia ndiyo dawa, na pia ndiyo sababu ya kuoga na kuvaa gauni safi na kwenda mahali ambapo mtu mmoja ataita jina la ukoo wako. Bila Perl, Tsila alikuwa nani pale? Mwanamke wa kiti cha pembeni anayekula keki ya asali.

Nurit Halfon, binti wa Perl, alifika siku yenyewe ya kumbukumbu, saa nane mchana, ili baadaye waende ukumbini pamoja. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwalimu wa udereva, mwenye sauti ya kuvukisha barabara. Walikumbatiana mlangoni vibaya, miwani ikagongana.

"Una nyumba safi," Nurit alisema. "Mama angekupenda. Mimi alikuwa ananiita mama wa vumbi."

Alitoa picha. Tsila aliiangalia muda mrefu. Katika maisha yote ya Tsila, Perl alikuwa na miaka saba na viatu vikubwa kuliko miguu. Huyu alikuwa kikongwe aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, amekasirikia jua, mikono imelala magotini. Ilikuwa mikono ya baba, vidole vipana, gumba limepinda kwa nje.

"Alikuwa anasema nini juu ya baba yangu?" Tsila aliuliza.

"Hakusema kitu mpaka mwaka wa mwisho. Siku moja namkata kucha, akaanza tu. Alisema kaka yake alimshika mkono pale sokoni, alimshika mpaka vidole vikauma. Halafu akamwona yule mama wa mayai ukutani anamwita kwa jicho. Akauchomoa mkono."

"Nani aliuchomoa?"

"Mama. Alivuta kwa nguvu zote, akakimbia. Alisema, 'Zelig alinishika vizuri, mimi ndiye niliyemwacha peke yake.' Alilia hivyo mpaka nikamwita daktari."

Tsila aliinuka, akaosha glasi ambayo ilikuwa safi. Alikuwa na hasira ambayo hakujua amwelekeze nani. Baba yake alivua viatu vile mwaka hadi mwaka na kujihukumu, na mtu pekee duniani aliyeweza kumwambia "hukuniachia" alikuwa umbali wa treni moja, naye akijihukumu kwa upande wake.

"Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, shangazi alikula na nani?" aliuliza bila kugeuka.

Nurit aliirudisha picha mkobani. "Nilikwenda kila Ijumaa ya pili. Watoto, kazi... unajua."

"Na Ijumaa nyingine?"

"Peke yake."

Tsila alifunga bomba. Ijumaa zote za miaka saba alinunua nusu kuku, akala robo, robo akaiweka kwa kesho yake. Aliyafikiria mafungu yote mawili, lake na la shangazi, na hapo ndipo alipolia, amelishika sinki kwa mikono miwili. Nurit alichukua kitambaa akaifuta ile glasi, na hilo Tsila alimshukuru moyoni.

Ukumbini walikuwa watu kama hamsini, na vikombe vya karatasi, na samaki wa chumvi juu ya biskuti. Vitabu vipya vilikuwa vimeshachapwa wakati fomu ya Nurit ilipofika kwa kuchelewa, kwa hiyo Mendi alikuwa amekaa nyumbani kwake na kalamu na rula, akalikata jina la Perl katika nakala zote, moja baada ya moja. Mstari ulinyooka vizuri. Tsila aliuona, akakifunga kitabu.

Akina Blushtein walisoma. Akina Eidelman walisoma. Tsila alijua kwamba baada ya Eidelman huja Furman, na kwamba safari hii Mendi ataruka. Alikuwa ameutuma mkono mkobani kutafuta kitambaa, na vidole vikakuta mshumaa. Alikuwa ameununua kwa mazoea.

"Familia Furman," Mendi akaita.

Tsila alimtazama. Mendi alikuwa akiangalia karatasi zake kana kwamba hakuna kilichobadilika. Basi akainuka, akapanda, akavaa miwani.

"Familia Furman," alisema. "Hakuna."

Kutoka safu ya mbele bibi mmoja wa akina Blushtein, mwenye masikio mazito, akauliza kwa sauti, "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Katika miaka yote ya chama hakuna familia iliyowahi kusema hivyo pale juu. Tsila akavua miwani. "Na baba yangu hakumwachia mkono," alisema, kisha akashuka. Akina Gelber wakaanza kusoma.

Nurit alimnong'oneza, "Mbona hukuwasha mshumaa?"

"Si wa leo. Waliouawa wana siku moja ya pamoja. Aliyekufa kitandani ana siku yake mwenyewe. Ya mama yako ni lini?"

"Tarehe tatu mwezi wa Tevet."

"Katikati ya baridi. Ulikuwa naye?"

Nurit alikiminya kikombe chake cha karatasi mpaka chai ikamwagika gotini. Sauti yake kubwa ilikuwa imemtoka. "Nilikaa naye usiku kucha, nimemshika mkono. Asubuhi majirani wakapiga simu kutoka chini, gari langu limeziba njia. Nikasema dakika mbili tu. Nikamwachia mkono, nikashuka. Nilivyopanda..." Akalifuta goti kwa kiganja. "Sijamwambia mtu. Hata mume wangu."

Tsila alimwangalia binti huyu mzima wa Perl, akaiona sentensi ileile ikitafuta nyumba nyingine ya kukaa, miaka mingine sitini. Akaushika mkono wa Nurit uliolowa chai.

"Hukumwachia," alisema. "Aliuchomoa. Umeniambia mwenyewe ndiyo tabia yake."

Kisha akaurudisha mshumaa mkobani, ungoje Tevet, na wakawasikiliza akina Gelber mpaka jina la mwisho.