Dirisha la Babu kwenye Roboti

Aili Kangas hakuwa msichana wa kukaa akingoja. Timu yao ya roboti, ya shule ya Sandpoint, ilipokosa plastiki ya kutengenezea ubavu wa ule mkono unaookota mipira, wenzake walibaki wakitazamana. Yeye alikwenda kwenye kibanda cha babu yake, kile cha kuvulia samaki juu ya ziwa likishaganda, akafungua skrubu za dirisha lake la plastiki angavu na kurudi nalo kwapani. Babu mwenyewe alikubali, maana msimu wa barafu ulikuwa unakwisha na kibanda kilishaburutwa nchi kavu.

"Dirisha hili limekula upepo wa Ziwa Superior tangu sijazaliwa," aliwaambia. "Nani wa kulivunja? Mpira wa sponji?"

Wakacheka, wakakata, wakatoboa, wakafunga. Kweli ule ubavu ulipendeza. Mipira ilionekana ikipanda mle ndani kama samaki kwenye tangi la kioo, na Reino, dereva wa roboti, akajigamba kwamba timu kubwa za kusini zitapanga foleni kupiga picha.

Siku ya mashindano ikafika. Ukumbi ulijaa milio ya drili na harufu ya pai za nyama na viazi, wazazi wakiziuza mlangoni. Kila mtu alivaa miwani ya kukinga macho, hata mabibi waliokuja kutazama wajukuu. Watoto walisukuma vitoroli wakipiga kelele, "Pisheni, roboti inapita!"

Kabla ya kucheza, kila roboti hupita mikononi mwa wakaguzi. Hupimwa uzito na urefu, hufuatwa waya kwa waya, na timu huulizwa imeijenga kwa vitu gani. Ikipita inabandikwa kibandiko. Isipopita, timu inakwenda jukwaani kula bisi na wazazi. Mwaka uliotangulia timu ya kina Aili ilikula bisi hizo, roboti ilizidi uzito, wakarudi nyumbani bila kucheza hata mchezo mmoja. Aili alikuwa ameapa kwamba safari hii watacheza.

Mkaguzi wao alikuwa Bi. Pelletier, mama mwenye nywele nyeupe na tochi ndogo, asiyeharakishwa na mtu. Aligonga ule ubavu kwa kucha.

"Plastiki hii ni ya aina gani, wanangu?"

"Ile inayoruhusiwa, mama," Reino akadakia. "Ile isiyovunjika."

Bi. Pelletier akamgeukia Aili. "Ndivyo, nahodha?"

Kanuni hiyo Aili aliijua vizuri. Iko plastiki angavu inayopinda bila kuvunjika, na hiyo inaruhusiwa. Iko na akriliki, ambayo kwa macho ni pacha wake, lakini ikigongwa sana hupasuka vipande vyenye makali, na macho ya watu yako jirani. Hiyo ni marufuku. Kinachozitofautisha ni karatasi ya kiwandani inayobandikwa juu yake, imeandikwa jina. Sasa dirisha la babu, karatasi yake nani anajua ilibanduliwa lini?

Mwalimu Heikkinen, mlezi wa timu, alisimama nyuma, mikono mfukoni, mdomo kaufunga. Kwenye meza ile mtu mzima wa timu hajibu. Roboti ni ya wanafunzi, na majibu ni yao.

Aili angeitikia tu, mama wa watu angeamini na kuendelea na nyaya.

"Sijui, mama," alisema. "Ila nitajua sasa hivi. Nina kipande kilichobaki."

Reino akamvuta mkono. "Una wazimu? Tumeshajibu! Si wewe uliyesema limestahimili upepo miaka yote?"

"Upepo unasukuma, Reino. Hautugongi kwa roboti ya chuma yenye uzito wa mtu mzima ikija mbio."

"Dada, nakuomba, sema ndiyo tu."

"Niseme ndiyo, halafu kipande kimwingie mtoto wa watu jichoni? Vaa miwani yako sawasawa, usogee."

Akakizungushia kitambaa kile kipande, akakishika kwa mikono miwili, akakipinda. Ta! Kikakatika, na alipofunua kitambaa, kingo zilikuwa kali kama wembe.

"Haya," Reino akasema, uso umemshuka. "Twendeni kwenye bisi."

"Nenda wewe. Mimi nina kazi."

Bi. Pelletier alizima tochi yake. "Ukaguzi haujafungwa, nahodha. Ukileta kinachoruhusiwa, utanikuta hapa hapa."

Aili hakurudi kwenye banda la timu yao, kule nyuma ya ukumbi, kulia. Alikwenda moja kwa moja kwa mtangazaji, na muda si muda kipaza sauti kikaunguruma ukumbi mzima: timu ya Sandpoint inaomba kipande cha plastiki isiyovunjika. Kwenye michezo hii kuomba si aibu. Utakayepambana naye baadaye ndiye anayekuletea spana sasa.

Hata hajafika bandani, msichana wa timu moja kubwa ya huko kusini akamkuta njiani, hijabu yake rangi moja na fulana, bamba la plastiki mkononi. Aliitwa Hanadi Bazzi.

"Nyie ndio watu wa dirisha?"

"Habari imeshafika kwenu?"

"Imefika mpaka kwa wauza pai. Shika. Karatasi yake hiyo, soma jina mwenyewe. Mchezo wa kwanza ni sisi na nyie, na sitaki kuambiwa niliwafunga watu waliokaa jukwaani."

"Utafungwa na plastiki yako mwenyewe."

"Kata kwanza, mwanamke, ndiyo uongee!"

Bandani, Reino alilipima lile bamba akatikisa kichwa. "Linafika nusu tu."

Aili aliichuchumalia roboti. "Zungusha mikanda kwa mkono, polepole."

Reino akazungusha. Mpira ukaingia, ukaegemea ubavu pale chini tu, kisha mikanda ikaudaka ikaupandisha. Wakajaribu tena na mwingine. Juu hakuna mpira uliogusa plastiki.

"Huku juu tuliweka ya nini?" Aili akauliza.

Reino akajikuna shingo. "Mipira ionekane."

"Tupigwe picha."

"Ndiyo hivyo."

"Basi chini tunafunga hili, juu tunaacha wazi. Lete msumeno."

Walifanya kazi bila maneno mengi. Aliyeshika drili alishika drili, aliyefagia alifagia. Aili alibandua ile karatasi, ila akaacha pembe moja yenye jina.

Walipomrudia, Bi. Pelletier aligonga, akasoma ile pembe, akafuata na nyaya mpaka mwisho. Roboti ikawekwa kwenye mizani ikaonekana imepungua uzito. Mama akatoa kibandiko, lakini hakukibandika. Alimpa Aili.

"Kazi yako, nahodha."

Aili akakibandika mbele kabisa, akakikandamiza kwa kiganja, na timu nzima ikaachia kelele.

Uwanjani Hanadi alikuwa ameshasimama upande wa pili, mikono kiunoni.

"Limekaa?" akapaza sauti.

"Limekaa! Kaeni mbali nalo!"

"Tunakuja huko huko!"

Reino alipangusa viganja kwenye suruali, akashika vishikio vya kuiendeshea roboti. Kengele ikalia. Roboti ya Sandpoint ikachomoka kwenye ukuta wa kuanzia kabla ya wapinzani, ikateremsha mkono, na mpira wa kwanza ukapanda.