Boga la Amana

Machano wa Chukwani aliponzwa na mdomo wake. Watu walisema ni maboga, lakini maboga hayakumfanya kitu.

Mwaka ule wa hamsini na saba mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri. Machano alipanda maboga nyuma ya nyumba, na jirani yake Bi Wanu, mjane wa marehemu Miraji, akapanda yake ng'ambo ya ua. Ua wenyewe ulikuwa wa makuti makuukuu, na boga halijui mpaka. Mashina ya huku yalitambaa kule, ya kule yakaja huku, ikawa hujui lipi la nani. Bi Wanu hakutaka maneno. Kila boga lake likifika ukubwa wa ngumi alilichora kwa mwiba wa mlimau: mstari mmoja mrefu, na vijistari ubavuni, kama mfupa wa samaki. Mchoro ulipona ukawa kovu, na kovu likakua pamoja na boga.

Machano alimwona, akacheka.

"Bi Wanu, unayachanja ndui?"

"Nayachanja wizi," alijibu, wala hakuinua kichwa.

Wakati wa kuvuna, Bi Wanu alingoja vikonyo vikauke kama kuni. Akakata kwa kisu, kila boga na kikonyo chake kirefu, akayaanika juani. Machano hakuwa na subira hiyo. Alikuwa ameshatangaza barazani kwamba Ramadhani ikiingia, nyumbani kwake futari ni boga la nazi mwezi mzima, na kwamba anawaonea huruma wanaokwenda kununua marikiti. Akayasokota kwa mkono, akayabeba kwa vikonyo, viwili viwili, na vikonyo vikawa vinamtoka njiani.

"We Machano! Boga halibebwi kama kuku. Kikonyo kikitoka umelifungulia mlango."

"Mlango wa nini?"

"Wa kuoza."

"Bi Wanu, mimi nshalima miaka."

"Umelima mihogo, mwanangu. Muhogo haukasiriki."

Akacheka, akaendelea kubeba.

Sasa paa la Bi Wanu lilikuwa linavuja, na Machano alikuwa ameezeka upya. Juu ya jiko lake palikuwa na dari ya boriti, pakavu, moshi unapita. Bi Wanu akamletea maboga yake.

"Nakuwekea amana. Ya khitma ya marehemu hayo, kumi la mwisho la Ramadhani."

Machano aliyapokea kwa mikono miwili. Hakuwa na mali, na kusoma hakusoma sana, lakini watu walimwekea vitu. Jecha, fundi seremala, akisafiri alimwachia msumeno wake. Mwengine alimwachia mkoba wa nguo za harusi. "Peleka kwa Machano," walisema, na yeye akisikia hivyo kifua kilimjaa. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo, na hakuwa na nyengine.

Ramadhani ikaingia, na masika nayo ikaja juu yake. Siku moja mkwewe, Mzee Kificho wa Fumba, akaleta salamu kwamba atakuja kufuturu. "Nasikia kwako boga halikatiki," alisema.

Alasiri Machano akapanda darini. Boga la kwanza alilolishika, kidole kilizama. La pili lilikuwa limelia maji hadi kwenye boriti. Akageuza moja moja, na yote yalikuwa na ukungu mweupe pale pale penye tundu la kikonyo. Upande wa pili maboga ya Bi Wanu yalikaa juu ya majani makavu, halikugusana hili na lile, vikonyo juu. Akaligonga moja. Likalia kama mlango wa mvule.

Jikoni muhogo ulikuwepo. Angeshuka akamwambia mkewe, "Mwatum, maboga yameoza, pika muhogo," na mambo yangekwisha. Mzee Kificho angemcheka, na kicheko hakiui. Lakini Machano aliuona mdomo wake barazani, akaona watu watakavyomrudishia maneno yake, akalichukua boga la Bi Wanu.

Mwatum akaligeuza mkononi. "Baba Mize, hili si lina alama ya Bi Wanu?"

"Katupa tufuturie."

"Maskini Bi Wanu! Na shida zake zote." Akalikata na ganda lake, akalipika kwa nazi na iliki, mpaka harufu ikavuka ua.

Adhana ilipolia, wanaume wawili walikaa mkekani. Mzee Kificho alikula tende, akala boga, akaongeza.

"Mkwe, boga tamu hili."

"La shambani kwangu, baba," alisema Machano. Lilimtoka tu, kama mate.

Mwatum alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Akasimama hapo hapo.

"Nimempelekea na Bi Wanu," alisema polepole. "Kabla ya adhana. Nikamwambia ahsante kwa boga alilotupa."

Machano akatazama sahani. Kipande kilichobaki kilikuwa kimelala kifudifudi, ganda juu, na mfupa wa samaki ulionekana wote, kichwa hata mkia. Mzee Kificho hakuijua alama ile, lakini uso wa binti yake aliujua. Akapangusa vidole, akauliza kama huku Chukwani mvua zimezidi. Machano akasema zimezidi. Hakuna aliyemaliza boga.

Asubuhi Bi Wanu akabisha hodi. Bakuli la futari halirudi tupu, naye alikuwa ametia tende. Akampa Mwatum, akamshukuru kwa chakula. Kisha akamgeukia Machano.

"Shikamoo, Bi Wanu."

"Marahaba. Niteremshie maboga yangu."

"Bi Wanu, mvua hii... na paa lako linavuja."

"Linavuja, ndiyo. Lakini nitakuwa nayaona."

Machano akayateremsha. Akayapeleka mwenyewe, moja moja, ameyakumbatia kwa chini kama mtoto mchanga, kanzu inamtota. Barazani mtu akamtania, "Machano! Ndiyo yale ya mwezi mzima?" Akapita na boga. Bi Wanu aliyapanga chini ya kitanda. Kando yake beseni lilikuwa linapokea matone.

"Nilitaka kukuomba," Machano alisema.

"Ungeniomba ningekunyima. Boga la khitma haliombwi. Ungekula muhogo na mkweo, na mimi leo ningekuamkia nikakuacha na amana yangu."

Machano akasema ataliezeka paa. Bi Wanu akasema akipenda, aezeke.

Hakumwambia mtu, Bi Wanu. Hapakuwa na haja. Mtu haondoi kitu chake penye ukavu akakipeleka penye maji, na watu waliona. Kabla wiki haijesha Jecha akaja, akasimama nje ya kizingiti.

"Nauhitaji ule msumeno. Nina kazi kidogo."

Mvua ilikuwa inamwagika. Nani anapasua mbao masika? Machano alipanda, akaushusha, akaufuta kutu kwa ncha ya shuka yake, akampa.

"Ahsante," alisema Jecha, macho yake yakiwa chini.

Machano akabaki jikoni, akaitazama dari. Moshi ulipita juu yake, hauna cha kukausha.