Ufunguo wa Jumamosi

Mtaa mzima huu hakuna bibi anayeijua kompyuta kama mimi. Ni kweli pia kwamba mtaa mzima huu hakuna bibi mwingine mwenye kompyuta, na hii yangu mwanzoni nilikuwa naifunika kwa kitambaa usiku nisije nikaisikia ikipiga chafya. Lakini sifa ni sifa.

Aliniletea kitindamimba wangu alipohamia mbali kikazi. Akaiweka juu ya meza ya cherehani, akanifundisha jambo moja: kila asubuhi nijipime presha, niandike namba. Jumamosi saa nne angeingia humo kutoka huko aliko, azichukue, amwoneshe daktari. Ila kuingia kulitaka neno la siri, na mimi neno la siri nilikuwa nalibadilisha kama shuka. Ikambidi anipigie.

"Mama, wiki hii umeliitaje?"

Nikimtajia, tunazungumza saa nzima, presha yenyewe tumeisahau.

Siku moja ulimi ukaniwasha. Nikamwambia, kwa utani wangu, "Wewe mtoto, mama yako unamkumbuka ukikosa neno la siri tu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Alipokuja likizo alikaa nusu siku kwenye ile meza akitengeneza ufunguo, mpaka kompyuta yake na yangu zikafahamiana, zikawa zinafunguliana bila kuulizana neno.

"Sasa sitakusumbua tena, Mama," alisema, akinirudishia kiti changu.

Na kweli hakunisumbua. Jumamosi saa nne kitaa cha kijani cha kompyuta hupepesa, namba zangu zikachotwa, kikatulia. Mwanangu akawa anajua presha yangu ilivyopanda na kushuka, asijue kwamba nimeng'oa jino. Nami nimekaa mbele ya kitaa kile nimevaa gauni langu zuri, kama mtu aliyetembelewa na mgeni akapitia dirishani. Maneno yalitoka kinywani mwangu mwenyewe, nimlaumu nani?

Lakini aliniachia onyo, tena kwa maandishi. Folda inayotunza ufunguo iwe yangu peke yangu; ikiwa wazi kwa watu wote, kompyuta itaiona si salama na kuukataa ufunguo. Ukiandika amri yenye saba na sufuri mbili, imefungwa. Saba tatu, iko wazi kwa dunia nzima. Mimi nikikatazwa kitu, ndipo ninapojua kinavyofanywa.

Jumatatu iliyopita, saa sita mchana, simu ikalia.

"Mama! Uko mzima?"

"Ningekuwa nimekufa ningepokea?"

"Usinitanie. Jumamosi mbili sipati namba. Ya kwanza nilidhani ni mtandao. Leo nimeshindwa kufanya kazi, nimeomba ruhusa, nimesimama hapa kwenye ngazi. Nilidhani umeanguka."

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Ufunguo wangu unakataliwa. Umegusa kitu?"

"Mimi? Naipangusa vumbi tu."

Tukaanza. Mtandao upo? Upo. Waya? Umechomekwa. Anwani ya kompyuta je, imebadilika? Nikamsomea tarakimu moja moja, nikizivuta kama mtu anayemumunya pipi ya mwisho. Akanifungulisha lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikamsomea herufi zinazoonesha nani anaruhusiwa kwenye folda.

"Iko wazi kwa kila mtu," akasema polepole. "Andika amri ya kufunga. Saba, sufuri, sufuri."

Nikaandika. Kitaa cha kijani kikapepesa.

"Folda haijifungui yenyewe, Mama. Bonyeza mshale wa juu. Unarudisha amri za zamani, moja baada ya moja. Zipite hizi za leo. Unaona nini?"

Niliona. Saba tatu. Kabla yake, saba na sufuri mbili. Kabla yake, saba tatu nyingine. Ijumaa ya kwanza nilifungua. Jumapili simu haijalia, roho ikanisuta, nikafunga. Ijumaa iliyofuata nyumba ikawa kimya mno. Yote yalikuwa pale kwa maandishi meupe, mbele ya macho yangu.

"Hakuna kitu," nikasema. "Ni zile zako za siku ile."

Nikasikia viatu vya watu vikipanda ngazi huko aliko, vikipotea.

"Mama, nimeshaingia. Nimo humo tangu ulipofunga. Unachokiona nakiona." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Umefungua, ukafunga, ukafungua tena. Kwa nini ulifunga katikati?"

Maisha yangu yote sijakosa jibu.

"Labda ni paka," nikasema. "Anapenda sana kulala juu ya kibodi."

Nikamsubiri acheke. Nikamsikia akivuta pumzi, kisha akiketi pale pale kwenye ngazi.

"Mama," akasema, "wewe huna paka."