Shibiri Mbili na Vidole Vitatu

Gosori ya zamani, chungu kisicho na kitako kinachokaa juu ya sufuria kutonesha pombe kali, ilipasuliwa na baridi, na pombe ya mtama ilikuwa imeshaiva mtungini. Ingekaa siku tatu zaidi ingekuwa siki. Aran alilijua hilo, lakini mama mkwe wake, Bi Malsun, hakuchoka kumkumbusha.

"Mwaka huu kwenye tambiko marehemu baba yenu atamiminiwa siki mbele ya picha yake. Atasema nimeoza mimi."

"Nakwenda kununua nyingine, Mama. Ngoja nipime sufuria kwa futi."

"Futi? Sufuria inashonewa suruali? Mdomo wake ni shibiri mbili na vidole vitatu. Miaka arobaini natonesha pombe kali, sijaona futi jikoni kwangu."

Aran hakuwa mtu wa kubishana. Hii ingekuwa gosori yake ya kwanza kuchagua, na aliitaka iwe nzuri. Akaendesha pikapu hadi kwa Deokbo mfinyanzi, akatembea katikati ya vyungu vyenye kiuno chembamba na mdomo mrefu ubavuni, akipima upana wa chini kwa kiganja chake: shibiri mbili, vidole vitatu. Akapata kimoja cheusi, akakigonga, kikalia vizuri. Akarudi nacho akiimba.

Walipokiweka juu ya sufuria kilishuka mpaka kwenye mawe ya jiko, kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Mvuke wote ungetokea chini.

"Umepimaje?"

"Shibiri mbili na vidole vitatu, Mama."

"Kwa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Huo si mkono, ni koleo! Nani alikwambia upime kwa koleo? Kesho washa gari, twende wote."

Kesho yake Bi Malsun aligonga kila chungu uani kwa Deokbo. Hiki kinakohoa. Hiki mdomo umeinama kama mtu aliyefumaniwa. Hiki kimechomwa upande mmoja. Aran alisimama na futi mfukoni, akaliminya hadi likamwachia alama kiganjani.

"Shangazi," Deokbo alisema, "unachagua chungu au mkwe?"

"Mkwe nilishakosea. Nyamaza."

Mwishowe akainama, akapima shibiri mbili na vidole vitatu kwa mkono wake mwenyewe, akasema hiki. Nyumbani wakakiweka juu ya sufuria. Kikatumbukia ndani, dubwi.

Aran alifungua mtungi akanusa. Harufu kali ilikuwa imeanza kumchoma puani.

"Deokbo amekibadilisha," alisema Bi Malsun.

"Mama, nimekibeba mwenyewe!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Akashika masikio ya sufuria, akaing'oa jikoni na masizi yake yote, akaikumbatia mpaka kwenye pikapu.

"Unapeleka wapi sufuria yangu?"

"Kwa Deokbo! Futi litaambiwa linadanganya, mkono wangu ni koleo. Hii ikaseme yenyewe!"

Deokbo alicheka mpaka akakaa chini. Aran, mweusi toka kidevuni hadi tumboni, aliweka chungu kimoja baada ya kingine juu ya sufuria. Cha tano kilikaa kimya, hakikutikisika. Hata kukigonga hakukigonga.

Jioni hiyo walikanda unga wa ngano, wakaziba maungio pande zote, wakaweka beseni la maji baridi juu. Moto ukashika. Tone la kwanza lilipoanguka, Bi Malsun alilikinga kwa kidole, akaramba, akafumba macho.

"Imewahi," alisema. "Bado kidogo iwe siki."

Kisha akanyoosha mkono juu ya ukingo wa sufuria. Vidole vyake, vilivyopinda kwenye viungo kama mizizi ya tangawizi, havikutanuka. Akajaribu tena. Shibiri mbili, vidole vitatu, na nafasi ikabaki.

"Sufuria imekua," alisema polepole.

Akamvuta Aran mkono, akautandaza pale pale, mara moja, mara mbili. Ukafika barabara.

"Basi kuanzia leo ni shibiri mbili. Kwa koleo. Mke wa mwanao akija, mwambie hivyo."

"Nitampa futi, Mama!"

"Futi, futi! Angalia moto wako."