Vifungo vya Nesi

Mara ya kwanza nilipokwenda kupima virusi vya Ukimwi nilirudi na oda ya makoti manne. Mara ya pili, mapazia ya wodi nzima. Mimi ni fundi cherehani, na zahanati ile nawashonea sare. Nani angeshangaa kuniona pale? Ndiyo maana niliichagua. Tatizo, kila nikifika mlangoni ulimi unaniganda. Rafiki yangu kinyozi, mwanamume kama mimi, alipima kwingine, akataja kwamba mpenzi wake ni mwanamume, akahubiriwa nusu saa. Mahubiri mimi siyawezi, hata ya bure.

Lakini nyumbani nina mpenzi, mwanamume niliyekaa naye miaka mitatu sasa, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mtu wa maneno machache. Yeye alishapima, hana.

"Wewe je?"

"Kesho."

"Kesho yako ina miezi miwili. Unaogopa nini?"

Nikamwambia ukweli: naogopa kuambiwa ninavyo, halafu yeye afungashe virago. Akavaa viatu, akanishika mkono, tukatoka.

Nesi mkuu, mama wa makamo mwenye macho makali, alitupokea mlangoni.

"Leo umeleta nini, fundi?"

"Nimekuja kukaza vifungo vyako."

"Vifungo vyangu vimelegea lini? Unazunguka hapa kama kuku anayetaka kutaga. Ingia, keti, toa kidole." Akamgeukia mchomeleaji. "Na huyu?"

"Mpenzi wangu," nikasema, nikajiandaa kuhubiriwa.

"Basi naye akae. Msinizibie mlango."

Nilijiona mjinga kweli. Miezi miwili namkimbia mtu anayetaka kidole tu!

Majibu yakatoka. Ninavyo. Nesi akanieleza polepole: kidonge kimoja kila siku, nisiruke, virusi vikishapungua hadi kipimo kisivione, na vikibaki hivyo, sitamwambukiza mwenzangu. Nilimsikia kwa mbali. Macho yangu yalikuwa kwa mchomeleaji, nangoja ainuke aondoke.

"Kimoja tu?" akamuuliza nesi.

"Kimoja."

"Mama yangu anameza vinne, vya presha na sukari, na bado anatugombeza ukoo mzima." Akanigeukia. "Utameza nikikuangalia."

Nikaangua kilio palepale, fundi mzima, mbele ya wateja wangu. Mchomeleaji hakuinuka.